Nichukue mkopo wa gari au nikasomee lori? Jibu kwa ndugu yetu wa Phoenix

Swali lilikuja hivi: "Kaka shikamoo. Mimi ni Mtanzania, niko Phoenix Arizona mwaka wa tano huu, naendesha Uber na Lyft. Kila nikisimama kwenye mataa kuna Waymo mbili pembeni yangu na hakuna mtu ndani. Gari langu limechoka, wauza magari wananipa mkopo wa miaka sita nichukue jipya. Mke wangu anasema niache hiyo biashara nikasomee lori. Kuna jamaa hapa jirani ana Tesla anasema hata hilo lori litajiendesha, mnahangaika bure. Ukweli ni upi? Na nikituma gari Dar lifanye Bolt, huko nako si yatafika?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake kuna maswali manne na jirani yako wa Tesla ameyafunga yote kwenye mfuko mmoja akayaita magari yanayojiendesha. Mimi nimekaa kwenye kazi za vihisi vya magari, hayo macho ya gari, miaka kadhaa sasa, na mtu akiniambia gari fulani linajiendesha simbishii, namuuliza tu linajiendesha WAPI, na likimgonga mtu nani anawajibika. Majibu ya hayo mawili yananitosha kujua anaongelea nini.

Tuanze na hizo unazokutana nazo kwenye mataa. Waymo ni kampuni ya teksi zisizo na dereva iliyozaliwa Google, mradi ulianza 2009, jina la Waymo likaja 2016, na biashara yenyewe ya kubeba abiria walianzia hapohapo kwenu Desemba 2018, mwanzoni na mtu kwenye usukani, halafu Oktoba 2020 wakawafungulia abiria wa kawaida magari matupu kabisa. Kwa nini Phoenix? Sio kwamba mnapendwa sana. Jua mwaka mzima, mvua ya kuhesabu, barabara pana zimenyooka kama rula, mistari imechorwa ikaeleweka, watembea kwa miguu wachache maana hilo joto nani atatembea, na serikali ya jimbo haikuwa na maswali mengi. Mtu anayejifunza gari unampeleka kwanza uwanja wa mpira, humpeleki Kariakoo.

Hilo Jaguar lao jeupe lina kamera 29, rada 6 na laida 5. Laida ndio hicho kidude kama kopo juu ya paa na vile vidogo pembeni, kinarusha miale ya leza na kupima inachukua muda gani kurudi, kwa hiyo gari linajua kile kitu mbele yake kiko mita ngapi hata usiku wa giza, halikisii. Zamani laida moja nzuri ilikuwa dola 75,000, yaani kifaa ghali kuliko gari lenyewe, leo Wachina wa Hesai wanatengeneza ya magari ya kawaida kwa chini ya dola 200. Hiyo namba ikumbuke, ndiyo iliyobadilisha mchezo kuliko hadithi zote za akili bandia unazosikia.

Ila pamoja na macho yote hayo gari halitoki nje ya eneo lake. Kabla hawajaingia mji wanaupitia na kuuchora ramani ya kila kitu, taa iko wapi, ukingo wa barabara uko wapi, leni inaisha wapi. Phoenix kufikia katikati ya 2024 eneo lao lilikuwa maili 315 za mraba, ni kubwa, na uwanja wa ndege wa Sky Harbor wanachukua abiria, lakini bado lina mpaka. Kwa hiyo jibu la "wapi" kwa Waymo ni hapo ndani ya mstari, na jibu la "nani anawajibika" ni kampuni, maana abiria amekaa nyuma anachezea simu, huwezi kumwambia hukuwa makini.

Sasa hesabu inayokuhusu wewe. Aprili 2025 walisema wanafanya safari 250,000 za kulipiwa kwa wiki, na mwezi uliofuata walikuwa na magari kama 1,500. Gawanya utaona ni kama safari 24 kwa gari moja kwa siku, kila siku, Jumapili hadi Jumapili. Hilo gari halina mtoto wa kupeleka shule, haliumwi mgongo, halina harusi ya kuchangia. Linaenda kuchaji na kusafishwa tu basi. Na Austin na Atlanta kuanzia 2025 Waymo inaitwa kupitia Uber hiyohiyo, yaani ile app unayoitegemea wewe ndiyo inayomtafutia kazi mpinzani wako. Uber hawana ugomvi na wewe ila hawana ndoa na wewe pia.

Usalama je? Najua utauliza. Bima kubwa ya Uswisi, Swiss Re, mwisho wa 2024 walipitia maili milioni 25.3 za Waymo wakalinganisha madai ya bima na ya madereva watu, madai ya uharibifu wa mali yalikuwa chini kwa asilimia 88 na ya watu kuumia chini kwa asilimia 92. Waymo wenyewe walikuwemo kwenye huo utafiti, kwa hiyo usome ukijua hivyo, lakini watu wa bima kwa kawaida hawachezei namba, hela ni zao. Kwenye vifo ndio mimi naendelea kunyamaza kidogo. Marekani hufa mtu mmoja na kidogo kwa kila maili milioni 100 zinazoendeshwa, na Waymo walifikisha milioni 100 katikati ya 2025, sasa huwezi kutamba umemshinda mtu kwenye kitu ambacho hata yeye kinamtokea mara moja kwenye safari yote uliyokwisha kwenda. Dalili ni nzuri, hukumu bado.

Na wanapokosea wanakosea kwa namna ya ajabu, hapa naomba nikae kidogo maana ndipo penye utamu. Desemba 20, 2025 umeme ulikatika sehemu kubwa ya San Francisco, mataa yakazima. Mimi na wewe tumekulia wapi? Taa ikizima mtu anachungulia, anasogeza pua ya gari, anamwangalia yule wa upande wa pili usoni, mmoja anapunga mkono pita, maisha yanaendelea. Waymo zilikuwa zimefundishwa kwamba taa iliyozima ichukulie kama njia panda ya kusimama wote, sawa, lakini kwenye baadhi ya njia panda gari lilikuwa linapiga hodi makao makuu kwanza kuuliza jamani nimeona sawa? Taa moja ikizima hakuna shida, anajibiwa. Siku hiyo zilizima nyingi kwa mpigo, maombi yakajaa foleni, magari yakasimama katikati ya barabara yameweka hazadi, yanasubiri kujibiwa, na ilibidi wasimamishe huduma. Yaani kilichowakwamisha ni mgao wa umeme! Nilicheka peke yangu ofisini.

Nyingine si ya kucheka. Austin huko Texas magari yao yalinaswa mara kadhaa yakipita basi la shule lililosimama na kutoa kile kibao cha STOP na watoto wanashuka, Desemba 2025 wakarudisha programu yote kurekebishwa. Dereva yeyote wa Marekani anajua basi la shule ni kama msafara wa rais, unasimama hata kama umechelewa mazishi. Mashine haijui kuogopa, inajua ilichoonyeshwa.

Hiyo ni kampuni iliyobaki hai. Nyingine zilikwisha. Hapo jirani yako Tempe, Machi 2018, gari la majaribio la Uber lilimuua mama mmoja aliyekuwa anavuka usiku anakokota baiskeli. Wachunguzi walikuta kompyuta ilimwona sekunde tano na nusu kabla, muda wa kutosha kabisa kufunga breki, ila ikawa inabadilisha mawazo, mara kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli, na breki ya dharura ya Volvo yenyewe walikuwa wameizima. Na yule mwajiriwa aliyekaa kwenye usukani alikuwa anaangalia simu. Halafu Cruise, teksi za roboti za General Motors (GM), Oktoba 2023 San Francisco, mtu aligongwa na gari jingine akatupwa mbele ya gari lao, likamgonga likasimama, kisha likafuata ilichofundishwa kwamba baada ya ajali jisogeze pembeni, likamburuza kama mita sita yuko chini yake. Kibali kilisimamishwa mwezi huohuo, na Desemba 2024 GM wakaacha kabisa teksi za roboti baada ya kuteketeza zaidi ya dola bilioni 10. Ford na Volkswagen walishaifunga Argo, kampuni yao ya kazi hiyohiyo, tangu 2022. Kwa hiyo mtu akikwambia kampuni zote zinakuja, mwambie kampuni nyingi zimeshapita.

Jirani yako wa Tesla sasa. Mpelekee salamu. Alichonunua kinaitwa FSD, yaani kujiendesha kikamilifu, na mwaka 2024 waliongezea neno lenye maana ya "kwa kusimamiwa", na hilo neno ndilo lenye uzito wote. Linakunja kona, linasimama kwenye taa, linabadilisha leni, mimi nimelitumia na sikatai ni zuri, kuna siku linakupeleka dakika arobaini hujagusa kitu. Lakini linatumia kamera peke yake, rada walianza kuiondoa 2021, na jibu la "nani anawajibika" ni yeye jirani yako aliyeshika usukani. Yeye ndiye dereva mbele ya polisi. Kesi zinaanza kuisogeza hiyo mipaka, Agosti 2025 baraza la mahakama Miami liliibebesha Tesla theluthi ya lawama kwa ajali ya 2019 na fidia ya dola milioni 243, lakini hata hapo theluthi mbili zilibaki kwa dereva. Elon Musk, bosi wa Tesla, alisema 2019 kwamba mwaka unaofuata kutakuwa na teksi za roboti zaidi ya milioni moja barabarani, na walipoanza kweli kubeba abiria Austin ilikuwa Juni 2025, magari machache, na mwajiriwa amekaa kiti cha mbele pembeni. Tatizo la hiki kitu cha kati na kati ni kwamba kinakuwa kizuri kiasi cha kukulaza usingizi na hakijawa kizuri kiasi cha kukuruhusu ulale.

Haya, lori. Hapa mke wako ana pointi na jirani naye ana kapointi kadogo. Malori yanayojiendesha yapo. Kampuni ya Aurora walianza kupeleka mizigo Dallas hadi Houston bila dereva mwishoni mwa Aprili 2025, na wamekuwa wakisema wazi njia yao inaelekea El Paso mpaka Phoenix kwako. Lakini wiki chache tu baadaye waliotengeneza lori, PACCAR, wakaomba mtu arudi kukaa kwenye kiti, na akarudi. Kabla yao wenzao wa TuSimple walishafungasha virago Marekani, Embark wakauzwa, na Waymo wenyewe waliweka malori pembeni 2023. Lori la tani thelathini na zaidi kwenye spidi linahitaji kuona mbali sana ili lisimame kwa wakati, kosa lake halina ajali ndogo.

Kuna kisa kimoja cha malori napenda kukisimulia. Sheria ya Marekani inasema lori likiharibika barabarani, ndani ya dakika kumi dereva ashuke aweke triango nyuma. Sasa lori lisilo na mtu nani anashuka? Aurora na Waymo waliomba waruhusiwe kutumia taa zinazomulika badala yake, mwisho wa 2024 wakakataliwa, Januari 2025 Aurora wakaenda mahakamani, Oktoba mwaka huo ndio wakapewa ruhusa ya muda. Mabilioni ya dola yanasubiri triango! Na sisi kwetu dereva anashuka anavunja matawi ya mti anayapanga barabarani, kila mtu anaelewa kuna fuso limekufa mbele ya kona.

Hebu fikiria kazi ya lori inavyokatika vipande. Kuna kuendesha barabara kuu masaa manane, Texas hadi Arizona, jua kali, leni zimenyooka. Hicho kipande ndicho wanachokitaka na wanaweza kukipata polepole ndani ya miaka kumi hivi, kwanza njia chache za kusini. Halafu kuna kurudi nyuma kwenye geti jembamba la ghala, kufunga turubai, kukaza minyororo, kushusha mafuta kituoni, kupeleka kokoto saiti ambako leo njia iko huku kesho iko kule, kugombana na mlinzi kuhusu karatasi. Hicho wanaokigusa ni wachache sana. Ukisomea CDL, yaani leseni ya malori makubwa, somea ukiwa na hicho kichwani, chukua na ruhusa za nyongeza za tenki na mizigo ya hatari, tafuta kazi za kulala nyumbani, sio zile za kuzunguka nchi wiki tatu.

Na nikwambie kitu jirani hakukwambia. Kilichowatoa wahamiaji kwenye malori 2025 sio roboti. Tangu Juni 2025 askari wa barabarani akiona Kiingereza chako hakitoshi anaweza kukusimamisha palepale usiendelee na safari, na Septemba ikatoka kanuni ya kubana leseni za CDL kwa watu wasio na ukaazi wa kudumu, ikaenda mahakamani, Novemba 2025 ikasitishwa kwa muda, vuta nikuvute. Kwa hiyo kabla hujalipa ada ya shule hata senti, kaa na mwanasheria wa uhamiaji uangalie makaratasi yako yanasema nini. Kama una green card au uraia, endelea. Kama uko kwenye vibali vya kungoja, hapo tatizo lako haliko Silicon Valley kwa watengeneza roboti.

Nyumbani sasa. Tuma gari, usiogope, ila ogopa vitu vingine, dereva asiyeleta hesabu, bei ya spea, matuta ya barabara. Teksi ya roboti haiji Dar miaka hii na sababu yangu kubwa sio mashimo wala bodaboda. Huko uliko hela nyingi ya safari inakwenda kwa mtu aliyeshika usukani, ukimtoa umeokoa sana, ndio maana matajiri wanamwaga mabilioni. Dar kinachokula hela ni gari lenyewe na mafuta, dereva ndiye rahisi. Utamnunulia nani mashine ya ghali kuondoa gharama ndogo? Tazama wanakoenda baada ya Marekani na China, wanaenda Abu Dhabi, ambako WeRide ya China na Uber walianza na mtu ndani Desemba 2024 na Novemba 2025 wakaanza bila mtu kabisa, barabara kama kioo na pesa ipo. Ndugu zetu waliojaa huko kwenye udereva na ulinzi wataiona kabla ya mtu wa Buguruni.

Barabara zetu nazo zina lugha ambayo haijaandikwa popote. Lori mbele yako likiwasha indiketa ya kulia katikati ya pori halikati kulia, linakwambia usinipite kuna gari linakuja, likiwasha kushoto pita. Anayekuja mbele akikumulika mara mbili, trafiki wapo. Taa ni ya kijani ila askari kasimama katikati anakuonyesha kiganja, unamtii askari. Hilo la askari mashine zimeshaanza kulijua, hayo mengine kila nchi italazimika kufundisha upya na sijaona kampuni yenye haraka hiyo.

Lakini usidhani Afrika haina mashine zinazojiendesha, zipo, ziko chini ya ardhi. Mgodi wa dhahabu wa Kibali kule kaskazini mashariki ya Kongo una mashine za kubeba mawe zinazozunguka zenyewe chini kabisa, na mtu mmoja aliyekaa juu kwenye kiti anazisimamia kadhaa kwa pamoja. Unaona tena swali la wapi? Njia ni ileile kila siku, hakuna mtoto anayevuka, hakuna mbuzi, lango linafungwa watu wasiingie. Teknolojia inapenda sehemu ambayo wewe ungeboreka.

Turudi kwenye mkopo maana ndio una tarehe. Miaka sita mimi nisingesaini. Sio kwamba kazi yako inaisha mwakani, hapana, Ijumaa usiku wateja bado watakuwa wengi kuliko magari, na wapo wanaotaka mtu wa kubeba mabegi au wa kusubiri bibi mwenye kiti cha magurudumu. Lakini kinachouma kwanza ni bei, kuna siku moja wataamua safari ya dola kumi na nane iwe kumi na mbili, na wewe bado unalipa dola mia tano kwa mwezi. Tafuta gari la mkononi la miaka mitatu minne, mkopo mfupi ukiweza usizidi miaka miwili, ambalo ukiamua kuhama kazi unaliuza hata kwa hasara ndogo.

Kabla ya hata hilo nifanyie kazi moja. Chukua daftari, wiki mbili, kila safari iandike ilianzia wapi na kuishia wapi, halafu jioni fungua app ya Waymo uangalie kama na wao wangeweza kuifanya mwanzo hadi mwisho. Safari za kwenda vitongoji vya mbali, mabegi sita, mtu anataka kupitia maduka matatu, weka upande mmoja. Sky Harbor hadi hoteli ya katikati ya mji, weka upande wa pili. Ukimaliza jumlisha pesa, usijumlishe safari, kisha niletee hizo namba mbili tuongee na shemeji akiwepo.